Miaka 22 ya kufuta maneno mafu: Funzo la katiba ya Alabama

KUFUTA kifungu cha katiba ambacho hakitumiki tena huonekana kuwa kazi nyepesi. Mahakama imekwisha kukibatilisha, serikali haikitekelezi na hakuna wakili anayethubutu kukitaja mbele ya hakimu kama msingi wa madai yake. Kilichosalia ni wino tu juu ya karatasi.

Hata hivyo, wakazi wa jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, walihitaji miaka 22 na kura tano za maamuzi kabla ya kuondoa katika katiba yao maneno yaliyowatenga watoto shuleni kwa misingi ya rangi, yaliyoharamisha ndoa baina ya Wazungu na watu weusi, na yaliyomtaka mwananchi alipe ada ndipo apige kura.

Kura mbili kati ya hizo tano ziliangushwa. La kushangaza ni kwamba ziliangushwa kwa sababu zinazokinzana kabisa. Mwaka 2004 waliopinga walihofia kwamba kufuta maneno hayo kungewapa watoto haki ambayo hawakuwa nayo. Mwaka 2012 waliopinga walihofia kwamba kuyafuta jinsi ilivyopendekezwa kungewanyima watoto haki iyo hiyo.

Mkasa huu unafaa kuchunguzwa kwa makini na kila taifa ambalo limewapa raia wake mamlaka ya kuirekebisha katiba kwa kura. Kenya ni miongoni mwa mataifa hayo.

KATIBA YA WACHACHE

Katiba iliyozua mjadala huu iliandikwa mwaka wa 1901 katika mji mkuu wa jimbo hilo, Montgomery. Wajumbe wa kongamano la katiba walikuwa 155, wote wanaume na wote Wazungu. Mwenyekiti wao, wakili John B. Knox, hakuficha dhamira yao. Katika hotuba yake ya ufunguzi alitangaza kwamba shabaha ilikuwa kuweka utawala wa Wazungu katika jimbo hilo, kwa kadiri ambavyo katiba ya taifa ingeruhusu.

Kikwazo chao kilikuwa Marekebisho ya 15 ya katiba ya Marekani ya mwaka 1870, yaliyopiga marufuku kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake. Kwa hivyo wajumbe walitafuta njia za mkato. Mpiga kura alitakiwa ajue kusoma na kuandika, au awe na mali ya kiwango fulani, au awe mzawa wa aliyepigana vitani. Orodha ndefu ya makosa madogo madogo ilitumiwa kuwaondoa wengine katika sajili.

Juu ya hayo yote, mpiga kura alitozwa dola moja na nusu kila mwaka. Aliyeshindwa kulipa alirundikiwa deni mwaka baada ya mwaka, hadi kufikia dola 36. Msomaji asiichanganye ada hii na kodi ya kichwa ambayo wazee wetu walitozwa na serikali ya kikoloni. Aliyekosa kulipa kodi ya mkoloni alikamatwa. Aliyekosa kulipa ada ya Alabama aliachwa huru aende zake, ila sauti yake ilizimwa.

Matokeo yalionekana upesi. Wanaume weusi waliotimiza umri wa kupiga kura katika jimbo hilo walikuwa zaidi ya 180,000 mwaka wa 1900. Kufikia 1903, waliosajiliwa walikuwa chini ya 3,000. Wazungu maskini nao hawakupona, kwani maelfu yao walishindwa kulipa ada hiyo katika miaka iliyofuata.

Katiba hiyo yenyewe ilipitishwa kwa kura ya wananchi mnamo Novemba 1901. Kaunti zenye watu weusi wengi ndizo zilizoripotiwa kuiunga mkono kwa wingi mkubwa, ati waathiriwa wenyewe walijitokeza kwa hiari kujinyang'anya haki zao. Wanahistoria wanakubaliana kwamba kura katika maeneo hayo ziliibwa.

Jambo hili lina uzito wake. Maneno yaliyokuja kuitwa mafu karne moja baadaye hayakuingia katika katiba kwa bahati mbaya, wala hayakuwa masalio ya desturi iliyosahaulika. Yaliwekwa kwa makusudi, yakapewa muhuri wa umma kwa hila.

KUFA BILA KUZIKWA

Vifungu hivyo vilipoteza nguvu kimoja baada ya kingine, na pigo lilitoka kwa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka wa 1954 mahakama hiyo iliamua katika kesi ya Brown kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba ya taifa. Mwaka wa 1966 iliharamisha ada ya kupiga kura katika chaguzi za majimbo. Mwaka wa 1967, katika kesi ya Loving dhidi ya jimbo la Virginia, ilibatilisha sheria zote zilizokataza ndoa baina ya watu wa rangi tofauti.

Tangu hapo, hakuna afisa wa Alabama aliyekuwa na mamlaka ya kisheria ya kumfukuza mtoto mweusi shuleni au kukataa kuwafungisha ndoa wachumba kwa sababu ya rangi zao. Lakini hukumu ya mahakama huua kifungu bila kukizika. Huondoa nguvu yake, huku maneno yakibaki pale pale kitabuni.

Aliyefungua katiba ya Alabama mwaka wa 1999 alikuta kifungu cha 102 kikiliagiza bunge la jimbo lisipitishe kamwe sheria ya kuhalalisha ndoa baina ya Mzungu na mtu mweusi au mzawa wa mtu mweusi. Kifungu cha 256 nacho kiliendelea kuamuru kwamba watoto wa Wazungu na wa watu weusi wawe na shule zao mbalimbali.

Katika jimbo hilo, kila badiliko la katiba sharti liungwe mkono na tatu kwa tano, yaani asilimia 60, ya wabunge katika kila moja ya mabaraza mawili, kisha liidhinishwe na wapiga kura walio wengi. Utaratibu huo umetumika kupita kiasi. Kwa sababu katiba ya 1901 ilizinyima kaunti uwezo wa kujiamulia mambo yao, hata suala la kuruhusu mchezo wa bingo katika kaunti moja limelazimika kupelekwa kwa wapiga kura kama badiliko la katiba. Kufikia 2020, mabadiliko hayo yalikuwa yamezidi 900, na katiba hiyo ilihesabiwa kuwa ndefu zaidi ya zote nchini Marekani.

Ndani ya msitu huo wa maneno, vifungu vya ubaguzi vilijificha salama salimini.

NDOA YAWA YA KWANZA

Hatua ya kwanza ilichukuliwa Novemba 7, 2000. Wapiga kura waliulizwa swali moja tu, lililo wazi: je, marufuku ya ndoa baina ya watu wa rangi tofauti ifutwe? Takriban asilimia 60 walikubali. Jirani yao, jimbo la South Carolina, lilikuwa limefuta kifungu kama hicho miaka miwili mapema, ambapo asilimia 62 waliunga mkono.

Alabama ikawa jimbo la mwisho nchini humo kuondoa marufuku hayo katika katiba yake, miaka 33 baada ya mahakama kuyabatilisha.

Wengi walishangilia ushindi huo, ila wadadisi walitazama upande wa pili wa matokeo. Zaidi ya watu 500,000 walikuwa wamejitokeza kutetea kifungu kisichokuwa na nguvu yoyote. Hakuna ndoa ambayo ingezuiwa na kura yao wala harusi ambayo ingevunjwa. Walichotaka kisalie ni kauli.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kifungu kinaweza kufa mahakamani na bado kiwe na watetezi mitaani. Wanasheria hukiita kifungu cha namna hiyo maandishi matupu. Kwa mpiga kura, hata hivyo, maandishi hayo ni bendera, na bendera hupeperushwa hata baada ya jeshi lake kushindwa.

KUSHINDWA KWA KURA 1,850

Swali la mwaka wa 2004 lilikuwa tata zaidi. Pendekezo lilikuwa kufuta amri ya kutenga shule, kuondoa maneno kuhusu ada ya kupiga kura, na pamoja na hayo kufuta sentensi iliyoingizwa katika katiba mwaka wa 1956.

Sentensi hiyo ilizaliwa kutokana na hasira. Baada ya hukumu ya Brown, viongozi wa Alabama walitafuta jinsi ya kukwepa kuchanganya wanafunzi. Waliamua kutangaza katika katiba kwamba hakuna chochote ndani yake kitakachofasiriwa kuwa kinampa mtu haki ya kuelimishwa kwa fedha za umma. Maana yake ni kwamba endapo mahakama ingelazimisha watoto wasome pamoja, jimbo lingeweza kufunga shule zake bila kuvunja katiba.

Yaani walikuwa radhi kubomoa nyumba nzima ili jirani asiingie sebuleni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jaji mmoja mjini Montgomery aliamua kwamba badiliko hilo la 1956 lilikuwa batili kwa kuwa lilitokana na nia ya kibaguzi, na kwamba watoto wana haki ya elimu ya kutosha. Kesi hiyo ya fedha za shule ilivutana kwa miaka mingi hadi 2002, wakati Mahakama ya Juu ya jimbo ilipoitupilia mbali ikisema suala la kufadhili shule ni la wabunge.

Kwa hivyo, kufikia 2004 sentensi hiyo haikuwa mfu kama zile nyingine. Ilikuwa mahututi, na kila upande ulingoja kuona kama ingezinduka au ingekata roho.

Gavana Bob Riley wa chama cha Republican aliunga mkono pendekezo hilo. Aliyeongoza upinzani ni Roy Moore, aliyekuwa ameondolewa katika wadhifa wa Jaji Mkuu wa jimbo mwaka mmoja awali kwa kukaidi amri ya kuondoa mnara wa Amri Kumi za Mungu katika jengo la mahakama. Moore na washirika wake katika makundi ya kidini hawakutetea ubaguzi hadharani. Hoja yao ilihusu mfuko wa mwananchi: sentensi ya 1956 ikifutwa, majaji watapata mwanya wa kutangaza elimu kuwa haki, kisha waamuru kodi ipandishwe ili kuigharimia.

Hofu hiyo ilipata udongo wenye rutuba. Septemba 2003, wapiga kura hao hao walikuwa wamekataa kwa zaidi ya thuluthi mbili mpango wa Gavana Riley wa kuongeza kodi kwa dola bilioni 1.2.

Kura zilipohesabiwa, na kuhesabiwa tena, pendekezo lilikuwa limeangushwa kwa tofauti ya kura 1,850 kati ya takriban milioni 1.38 zilizopigwa. Magazeti ya dunia yalitangaza kwamba Alabama imepiga kura kudumisha ubaguzi shuleni.

Je, kichwa hicho cha habari kilikuwa cha haki? Hakuna awezaye kujibu kwa uhakika. Miongoni mwa waliokataa walikuwamo waliochukia watu weusi, waliochukia kodi, waliokosa imani na majaji na wasioelewa swali. Karatasi ya kura haina nafasi ya maelezo. Wote hao walitia alama mahali pamoja, nao walioitwa wabaguzi bila kuwa wabaguzi wakajikuta wamechanganywa na waliokuwa wabaguzi wa kweli.

DAWA ILIYOZUA UGONJWA

Mwaka wa 2012 wabunge walidhani wamepata dawa. Ikiwa sentensi ya 1956 ndiyo iliyoangusha pendekezo la kwanza, basi na isiguswe. Wafute maneno ya kutenga shule na ya ada ya kura, waiache ile inayosema hakuna haki ya elimu.

Ilikuwa hesabu ya kisiasa iliyoonekana nzuri, lakini iliwakasirisha wale wale ambao zoezi zima lilidaiwa kuwa la kuwaondolea aibu. Viongozi wa kisiasa wa watu weusi pamoja na chama kikuu cha walimu cha jimbo walisimama kupinga.

Hoja yao ilikuwa nzito. Kama jaji alikuwa amekwisha kusema kwamba sentensi ya 1956 ni batili kwa sababu ya chimbuko lake la kibaguzi, basi kuipitisha upya mwaka wa 2012 kwa kura halali ya watu wa rangi zote kungeisafisha doa hilo. Ingezaliwa mara ya pili, safari hii bila dhambi ya asili. Mtoto mweusi angeondolewa tusi lisilomdhuru tena, na papo hapo afungiwe mlango wa kudai shule bora.

Pendekezo hilo lilianguka vibaya kuliko lile la kwanza. Takriban asilimia 60 ya wapiga kura walilikataa. Kwa mara ya pili katika miaka minane, ulimwengu ulisoma kwamba Alabama imekataa kufuta maneno ya ubaguzi, na safari hii wengi wa watu waliolengwa na maneno hayo walikuwa upande wa waliokataa.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kilichoyaangusha mapendekezo yote mawili kilikuwa kimeshonwa ndani ya vazi la pendekezo lenyewe. Maneno ambayo karibu kila mtu alikubali kwamba ni ya aibu yalikuwa yamefungwa katika furushi moja na suala hai la nani agharimie elimu ya nani, nalo suala hilo likayaburuta mengine yote.

MIPAKA ILIPOWEKWA

Wabunge walihitaji miaka minane mingine kujifunza. Mwaka wa 2020 walibadilisha utaratibu wenyewe. Badala ya kuwauliza wananchi wafute maneno fulani, waliwauliza kwanza kama wanakubali katiba yote ipangwe upya chini ya masharti maalumu.

Masharti hayo yalitajwa wazi: kuondoa lugha ya kibaguzi, kuondoa vifungu vilivyorudiwa au vilivyofutwa, kuweka pamoja vifungu vya maendeleo ya kiuchumi, na kupanga mabadiliko ya kaunti kwa kufuata kaunti zenyewe. Basi. Hakuna badiliko jingine ambalo lingeruhusiwa, na kazi ikimalizika sharti irudi kwa wananchi kwa idhini ya mwisho.

Thuluthi mbili ya wapiga kura walikubali. Kamati ya wabunge wa vyama vyote viwili, chini ya mwenyekiti Merika Coleman, mbunge mweusi wa chama cha Democratic, ilipitia rasimu iliyotayarishwa na wanasheria wa bunge. Vikao vyake vilikuwa vya wazi.

Novemba 8, 2022, rasimu hiyo iliidhinishwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya kura. Ikaitwa Katiba ya Alabama ya 2022.

Je, wakazi wa Alabama walikuwa wamebadilika mioyo katika muda wa miaka kumi? Huenda baadhi yao walibadilika, na bila shaka wapiga kura wapya walikuwa wameingia katika sajili. Lakini tofauti kubwa zaidi ilikuwa katika swali lenyewe. Aliyechukia kodi alihakikishiwa kwamba kodi haimo. Aliyetetea haki ya elimu alijua kwamba ugomvi huo hautaamuliwa kwa mlango wa nyuma. Kila mmoja alibaki na vita vyake vya kupigana siku nyingine mahali pengine, na kwa siku moja wote wakaweza kukubaliana kuhusu maiti iliyokuwa sebuleni.

MFU ALIYEKUWA AKIPUMUA

Hata hivyo, zipo sababu za kutolifumba jicho. Katika kusafisha huko, Alabama iliondoa pia maneno yaliyoruhusu mtu kutumikishwa kwa lazima kama adhabu ya uhalifu. Siku iyo hiyo, wapiga kura wa Oregon, Tennessee na Vermont waliidhinisha mabadiliko yanayofanana na hayo, ilhali wa Louisiana waliyakataa.

Wengi waliyahesabu maneno hayo kuwa masalio ya enzi ya utumwa. Kumbe yalikuwa na historia ndefu ya kazi. Hadi 1928, Alabama ilikuwa ikiwakodisha wafungwa wake, wengi wao weusi, kwa makampuni ya migodi ya makaa ya mawe, na ndilo lililokuwa jimbo la mwisho kuacha biashara hiyo.

Baada ya maneno hayo kufutwa, wafungwa wamekwenda mahakamani. Mnamo Desemba 2023, wafungwa na waliowahi kufungwa walilishtaki jimbo hilo katika mahakama ya shirikisho wakidai kwamba bado wanatumikishwa kwa nguvu, na mwaka uliofuata kesi nyingine iliyotegemea maneno mapya ya katiba ikafunguliwa Montgomery.

Kwa hivyo, kabla ya kutangaza kwamba kifungu ni kifu, ni busara kukiwekea mkono puani. Kipo kilichokufa kweli, kama marufuku ya ndoa. Kipo kilicho mahututi, kama ile sentensi ya 1956. Na kipo kinachodhaniwa kimekufa kwa sababu tu wale kinaowaumiza hawasikiki.

Jimbo la Florida linatoa onyo jingine. Tangu mwaka wa 1926 katiba yake ilikuwa na kifungu kilichoruhusu wageni wasioweza kupata uraia kuzuiwa kumiliki ardhi, kifungu kilichowalenga watu wa asili ya Asia. Mwaka wa 2008 wapiga kura walikataa kukifuta. Mwaka wa 2018 walikubali, kwa asilimia 62, ambapo kiwango kinachohitajika huko ni asilimia 60.

Miaka mitano tu baadaye, Mei 2023, Gavana Ron DeSantis alitia saini sheria mpya inayowawekea vikwazo vya kununua ardhi raia wa China na wa mataifa mengine kadhaa, kwa hoja ya usalama wa taifa. Maneno yalifutwa katika katiba, mawazo yakarudi kwa mlango wa sheria ya kawaida.

HOJA YA HISTORIA

Wapo wanaouliza: kwa nini tusiyaache maneno hayo yawe ushahidi? Anayefuta, wanasema, anamsaidia mkosaji kuficha kosa lake.

Hoja hii si ya kupuuzwa. Katiba ya taifa la Marekani haifutwi maneno. Mabadiliko huongezwa mwishoni, na hadi leo msomaji hukuta ndani yake kile kipengele cha mwaka 1787 kilichowahesabu watumwa kuwa tatu kwa tano za watu wengine katika kugawa viti vya Bunge, ingawa kilikwisha kupoteza nguvu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Lakini makavazi yana kazi yake na katiba ina yake. Katiba ya 1901 haikuteketezwa. Imo katika maktaba na nyaraka za jimbo, na yeyote atakaye kujifunza jinsi haki za watu zilivyoporwa ataisoma humo. Kilichobadilika ni kwamba jimbo haliyasemi tena maneno hayo kwa sauti yake lenyewe. Mwalimu wa shule ya Montgomery anayewafunza watoto kuhusu katiba yao halazimiki tena kumweleza mmoja wao kwamba maneno ya ukurasa ule yanamkataza kuketi pale alipoketi, ila asijali.

SISI TUJIFUNZE NINI?

Mkenya anaweza kusema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukweli ni kwamba tumekwisha kuuonja uzito wake.

Katiba yetu ya zamani ilirekebishwa na Bunge bila ya wananchi kuulizwa. Kifungu cha 2A kilichofanya nchi kuwa ya chama kimoja kiliingizwa Juni 1982 na kikaondolewa Desemba 1991, mara zote mbili na wabunge. Kilichoingia upesi kilitoka upesi baada ya shinikizo. Raia hakuulizwa kilipoingia, wala hakuulizwa kilipotoka.

Katiba ya 2010 ilikusudia kuziba ufa huo. Chini ya kifungu cha 255, mambo mazito kama Sheria ya Haki, muhula wa Rais, uhuru wa Mahakama na ugatuzi hayaguswi bila kura ya maamuzi, ambapo sharti angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti.

Ulinzi huo ni mzuri. Lakini haujajibu swali lililoisumbua Alabama: je, raia aulizwe kila jambo peke yake au afungiwe yote katika furushi moja? Swali hilo lilifika mbele ya majaji wetu katika kesi ya Mpango wa Maridhiano, BBI. Katika uamuzi wake wa Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ilisema wakati wa kuliamua haukuwa umewadia. Ipo siku utawadia.

Itakumbukwa pia kwamba mwaka wa 2005 na tena 2010, Wakenya waliulizwa kukubali au kukataa rasimu nzima. Aliyependa ugatuzi lakini akapinga mahakama za Kadhi, au aliyependa Sheria ya Haki lakini akachukizwa na kipengele cha uavyaji mimba, alipewa alama moja ya kutia. Katika kuunda katiba mpya pengine hakuna njia nyingine. Katika kuirekebisha iliyopo, ipo.

Nasi tuna maiti zetu ambazo hazijazikwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kosa la jinai la kuchafulia mtu jina, kifungu cha 194 cha Sheria ya Adhabu, linakiuka katiba. Januari 2025 ikatangaza vivyo hivyo kuhusu kifungu cha 226, kinachomwadhibu mtu aliyejaribu kujitoa uhai. Hivi si vifungu vya katiba na havihitaji kura ya umma. Hata hivyo, kanuni ni ile ile: mahakama huua, na kuzika ni jukumu la mtunga sheria. Kifungu kinapoachwa kitabuni baada ya hukumu, afisa wa polisi asiyefuatilia maamuzi ya mahakama anaweza kukifungua ukurasa ule ule na kumkamata mtu.

Tukijaliwa kufika siku ya kuwaita wananchi kusafisha katiba yetu, mkasa wa Alabama unatuachia mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, lililokufa litenganishwe na lililo hai, na kila moja liulizwe peke yake. Pili, mipaka ya zoezi itangazwe kabla ya kalamu kushikwa, na raia aione rasimu kabla ya kupewa karatasi ya kura. Tatu, waulizwe kwanza wale ambao kifungu kiliwaumiza, kwani wao ndio wanaojua kama kweli kimekufa.

Raia wa Alabama hawakukosa wema kwa miaka 22. Mara mbili walipewa swali ambalo mtu mwema na mtu mbaya wangeweza kulijibu kwa jibu moja. Anayeandika swali la kura ya maamuzi ana uwezo mkubwa kuliko anayelijibu, na hapo ndipo macho ya mwananchi yanapostahili kuelekezwa kwanza.